Chumvi ya Donge

Tarehe 4 Februari

Mkwe wangu mpenzi,

Mimi mzima, ila masikio yangu ndiyo hayo hayo. Simu nikiiweka sikioni inavuma kama mzinga wa nyuki, kwa hiyo usichoke kuniandikia. Dereva wa lori la unga ameahidi kutubebea barua zetu kila anapopita, nami nimemuahidi chai.

Picha mliyonitumia imefika. Nimeitazama na miwani, nikaitazama bila miwani, nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Wewe nimekutambua mara moja, na ovaroli yako ya karakana yenye madoa ya grisi. Huyo mwanamume aliyeshika baiskeli pembeni yako ndiye nimeshindwa kumjua. Mwanangu nilimzaa na kilo nne na nusu. Mkunga alimwita Donge kabla hatujampa jina, na Donge akabaki kuwa Donge mpaka akakuoa. Huyu wa kwenye picha shati linamcheza kama limeanikwa kwenye kamba.

Sitaki kukuingilia nyumbani kwako. Lakini mimi nimepikia bweni la wasichana mia tatu kwa miaka ishirini na sita, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwao na mashavu yaliyobonyea. Kwa hiyo nimefunga kopo la samli, karanga za chumvi anazozipenda, na nyama niliyoikausha mwenyewe. Asubuhi mtilie samli kwenye uji. Usimpimie kwa kijiko. Mume hapimiwi kama dawa ya kikohozi.

Nisalimie Donge. Mwambie mama yake bado anajua kuandika, je yeye amesahau?

Mama mkwe wako


Tarehe 11 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisomea karakanani, nikacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama gurudumu lake lina kichekesho. Mzigo umefika salama. Samli imepata mahali pake, na karanga nazo.

Donge hajambo. Ni kweli amepungua kidogo. Kazi ya ukarani ghalani unaijua, mtu anashinda ameinamia madaftari, akirudi amechoka hata kushika kalamu hataki. Ndiyo maana naandika mimi. Anasema picha ilipigwa upande wake mbaya, na mimi namwambia hajawahi kuwa na upande mzuri.

Tumeanza kulima mboga nyuma ya ghorofa letu, pale palipokuwa jalala. Mwalimu mstaafu wa chini ndiye kiongozi. Ukiona mchicha wetu utasahau hizo kilo nne na nusu.

Anakusalimu sana.

Mkweo, Fundi


Tarehe 3 Machi

Mkwe wangu,

Leo sina utani.

Unamjua jirani yangu tunayemwita Redio. Wiki iliyopita alikwenda huko kwenu kutibiwa macho, akaona apite kuwasalimu. Hakufika mlangoni kwenu. Anasema alipokuwa akipanda ngazi alimkuta Donge, mwanangu mimi, amebeba ndoo, anagonga mlango wa jirani na kuomba. Jirani akamtilia mabaki ndooni. Akashukuru, akaenda kugonga mlango wa pili. Redio aliona haya, akageuka akashuka.

Redio huongeza chumvi, hilo nalijua. Lakini safari hii aliniinamia sikioni akaniambia kwa sauti ndogo, akanishika bega, na Redio hana sauti ndogo.

Kama kuna njaa nyumbani, kwa nini hamniambii? Kama amefukuzwa kazi, kwa nini nisijue? Nina chumba, nina bustani, nina mikono. Na kwa nini haandiki yeye? Mtoto wangu hajawahi kukaa miezi mitano bila kuniandikia hata mistari miwili.

Baba yake aliondoka duniani ameshiba. Sitaki mwanawe aishi akiomba makombo.

Niambie ukweli.

Mama mkwe wako


Tarehe 9 Machi

Shikamoo Mama,

Samahani kwa moyo wako kuumia. Ngoja nieleze.

Ile ndoo ni ya maganda. Ghorofa letu lina milango kumi na sita, na kila mlango unatupa maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya kabichi. Zamani yote yalikwenda jalalani, na ukipita pale ulikuwa unaziba pua. Mwalimu alitushawishi tuyageuze mboji. Donge ndiye mkusanyaji. Kila jioni anapita mlango kwa mlango, halafu anashuka kuyafunika kwa majani makavu. Anayetoa maganda, Jumamosi anapata mboga. Mama mmoja wa juu kabisa alikuwa analeta ganda moja la yai na kudai fungu zima, Mwalimu akamwambia hata kuku angeona aibu.

Kwa hiyo mwanao haombi makombo. Anakusanya mbolea.

Kuhusu kupungua, hilo nilaumu mimi. Ni mimi niliyeondoa mafuta jikoni na kupunguza chumvi. Tunakula maharage, mboga, matunda, samaki wa kuchemsha, na asubuhi anakwenda kazini kwa baiskeli. Yeye analalamika. Mimi ndiye mkaidi.

Usimkasirikie yeye.

Mkweo


Tarehe 20 Machi

Mkwe,

Barua yako nimeisoma mara tatu.

Maganda nimeyaelewa. Kichwa changu hakijazeeka kama masikio. Ila hayo mengine unayasema kama mtu anayejisifu. Umemwondolea mume chumvi. Mtu anatoka kazini amechoka, anapewa samaki aliyeogeshwa kwenye maji. Mwanamke akimpenda mtu anamlisha, hilo ndilo nililofundishwa, na hilo ndilo nililofanya. Baba yake, fundi seremala, alikula mezani kwangu miaka thelathini na hakuna siku aliyosukuma sahani.

Nakuja. Tarehe 11 Aprili nitapanda na dereva wa lori, nitakaa mwezi mzima, na jiko nitalishika mimi. Wewe shika baiskeli zako.

Mama yake Donge


Tarehe 24 Machi

Mama,

Kabla hujapanda lori inabidi ujue jambo ambalo niliapa kutokukwambia. Nakwambia, na dhambi ya kiapo nitaibeba mimi.

Mwezi wa kumi mwaka jana Donge alianguka ghalani. Alikuwa anaandika, kalamu ikamponyoka. Akainama kuiokota, hakuinuka. Walipomleta hospitali mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Daktari akasema ni presha, imekuwa juu kwa miaka na yeye hajui. Tulikaa huko siku tisa. Mimi nililala kwenye kiti, nikawa namhesabia pumzi.

Haandiki kwa sababu mkono haumtii. Kwenye ile picha ameishika baiskeli kwa sababu anaiegemea. Haipandi, Mama. Hapo nilikudanganya. Anaisukuma mpaka kona na kurudi, na mguu unapata nguvu kidogo kidogo. Kazini walimpa likizo ya ugonjwa, anarudi mwezi wa tano.

Na ile ndoo. Alipotoka hospitali alikuwa hataki kuonekana. Maneno yalikuwa yanatoka yamepinda, akawa anakaa chumbani na mlango umefungwa, hata watoto wa jirani wakija anajifanya amelala. Mimi nilishindwa. Mwalimu ndiye alikuja na ndoo tupu, akamwambia: "Nahitaji mtu wa kugonga milango kumi na sita kila siku, na kila mlango aseme, hodi, naomba maganda." Siku ya kwanza neno "maganda" lilimchukua muda mpaka jirani akaanza kulia. Alirudi ametota jasho. Kesho yake akaenda tena. Siku hizi analisema vizuri kuliko mimi, na anapiga soga kila mlango mpaka chakula kinapoa. Alichokiona Redio ni mwanao anajifunza kusema upya.

Makopo yako ya samli, yote manne tangu mwaka jana, yako juu ya kabati. Siku nyingine namkuta ameketi kitandani anayatazama.

Sasa utauliza kwa nini tulikuficha. Nilimuuliza hivyo hivyo pale hospitali alipotikisa kichwa nisikuandikie, na jibu lake likawa maneno yake ya kwanza yaliyoeleweka. Alisema: "Baba alianguka hivi hivi. Mama akijua kilichoniangusha, atahesabu kila sufuria aliyompikia Baba." Akanishika kwa mkono uliobaki mzima mpaka nikaapa.

Kwa hiyo nilikubali uniite mkaidi. Ilikuwa afadhali unichukie mimi kuliko ujichukie wewe. Lakini ukija na samli yako ukashika jiko, siwezi kunyamaza, na siwezi kumpoteza.

Usimwambie kwamba nimekwambia. Nisamehe.

Mkweo


Tarehe 15 Aprili

Shikamoo Mama,

Tarehe 11 tulikwenda kukupokea. Donge alinyoa ndevu, akavaa shati jipya linalomtosha. Dereva alishuka peke yake. Alituambia alikukuta barazani, ukampa chai kama kawaida, ukasema safari hujisikii. Barua hukumpa. Leo amepita tena, vile vile, chai bila barua.

Donge ananiuliza kama nimekuudhi. Nilifikiri ukweli ungeniondolea mzigo, kumbe nimeuhamishia kwako na wewe uko peke yako.

Hata mstari mmoja, Mama. Hata wa matusi.

Mkweo


Tarehe 21 Aprili

Binti yangu,

Matusi sina. Nilikuwa nashika kalamu, naiweka. Kuna mambo nimeyakalia miaka tisa mpaka yakaota mizizi, na kuyang'oa kunauma.

Nilikuandikia kwamba baba yake Donge hakuwahi kusukuma sahani. Nilikudanganya. Miaka minne kabla hajafa tulikwenda kwa daktari wote wawili, na daktari alisema yale yale uliyoambiwa wewe. Presha. Apunguze chumvi, apunguze mafuta, atembee. Tukatoka nje, mzee akanishika mkono akasema, "Usimwambie mtoto, yuko kwenye mitihani." Mitihani ikaisha, hatukumwambia. Kila mwaka kulikuwa na sababu yake.

Nikaanza kupika sufuria mbili, moja yangu, moja yake isiyo na kitu. Alisukuma sahani, tena mara nyingi. Siku moja nilikwenda kwenye karakana yake ya useremala kumpelekea maji, nikafungua kopo la misumari kutafuta kijiko nilichokipoteza. Lilikuwa limejaa chumvi. Mtu mzima na mvi zake, anajificha nyuma ya mbao analamba chumvi. Tuligombana wiki nzima. Tukapatana. Tukagombana tena. Mkwe wangu, kugombana na mtu unayempenda kila mlo, mara tatu kwa siku, kunachosha kuliko kupikia wasichana mia tatu.

Siku tatu kabla hajatutoka aliniomba nimkaangie nyama kama zamani, na chumvi yake kamili. Nikamkaangia. Alikula, akanitazama kama siku za uchumba wetu. Kwa hiyo Donge asinikinge na jambo nisilolijua. Nilijua. Sufuria zote nilishazihesabu, na hiyo ya mwisho naihesabu kila siku.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku nyingi. Halafu nikaenda zahanati nikapanga foleni. Nesi ni msichana mdogo, amekula chakula changu bwenini, aliniita Mama Jiko. Nilimweleza yote, hata ya nyama. Hakunipa pole. Alisema: "Mama Jiko, sahani moja haiui mtu, na sahani moja haimponyi mtu. Ni miaka." Halafu akanipima. Yangu nayo iko juu. Nimepewa vidonge. Nakuandikia ili tusianze upya kufichana.

Wewe nilikuandikia kwamba mwanamke akipenda analisha. Nilisema nusu. Wewe umeweza jambo lililonishinda mimi. Umekubali kununiwa mezani kila siku ili mtu awepo kesho. Mimi nilitaka kupendwa sana, nikachoka mapema.

Barua hii mpe Donge asome. Kiapo chako mimi mama yake nimekifungua.

Nitakuja mwezi ujao, afya ikiniruhusu. Sitaleta samli. Nitaleta kisu changu na mikono.

Mama yako


Tarehe 25 Aprili

Mama,

Ninaandika mwenyewe. Usicheke mwandiko. Mstari mmoja ni jasho.

Nimesoma. Nilikwenda kukaa bustanini karibu na rundo la mboji. Mwalimu akaja akakaa nami.

Mimi nilikuwa nampelekea Baba karanga za chumvi kila likizo. Alikuwa ananiambia nisikuonyeshe. Nilidhani ni siri yetu nzuri, ya baba na mwana. Kwa hiyo na mimi nina hesabu yangu. Mke wangu amesema kama mimi na wewe tunagombania lawama ya marehemu, basi tugawane, kila mtu achukue kipande chake kidogo. Ndivyo alivyo. Anatengeneza kila kitu kama gurudumu.

Njoo. Mkono umechoka.

Donge wako


Tarehe 8 Juni

Shikamoo Mama,

Natumaini ulifika salama na mgongo haukusumbuka sana kwenye lori.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Majirani bado wanakuulizia. Yule mama wa juu, wa ganda la yai, amekuja jana kuuliza ile tangawizi ya kwenye maharage inasagwa au inakatwa, na alileta ndoo nzima ya maganda, Mwalimu karibu azimie. Mwalimu mwenyewe hajakubali kwamba ulimshinda ule ubishi wa kumwagilia. Lakini siku hizi anamwagilia asubuhi mapema kama ulivyosema, akidhani hatumwoni.

Mtu wangu amerudi kazini wiki ya pili sasa. Anakwenda kwa miguu mpaka ghalani. Baiskeli bado, ila siku moja nilichungulia dirishani nikamwona ameipanda uani, mguu mmoja chini, amekaa tu. Sikumwita. Wiki iliyopita presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Makopo ya juu ya kabati ulivyoyagawa jengo zima, kijiko kijiko, nasikia mpaka leo watu wanayazungumza.

Siku ile mliyokaa ninyi wawili bustanini kutoka mchana mpaka jua likatua, sikuwahi kumuuliza mlizungumza nini, na sitauliza. Lakini aliingia ndani akala sahani yake yote bila kutazama kabati.

Sasa kuna jipya. Jana nilichelewa karakanani, nikarudi nikakuta moshi. Donge amepika. Mkono wa kulia ameshika mwiko, wa kushoto ameshika ule wa kulia. Vitunguu vilikuwa vyeusi upande mmoja na vibichi upande wa pili, mchicha umeshikana, maharage yanagongana mdomoni. Alikaa mbele yangu ananitazama nile, kama wewe unavyotazama. Nilikula nikamaliza. Ni chakula kibaya kuliko vyote nilivyowahi kula katika ndoa yangu, na niliomba kuongezwa.

Amekasirika nimecheka. Anasema wewe ulimwonyesha ila mimi ndiye niliyekuwa nampigisha soga, hakushika. Amenituma nikuulize: vitunguu vinatangulia, au vinafuata nyanya?

Mkweo, Fundi


Tarehe 12 Juni

Binti yangu,

Vitunguu vinatangulia. Moto uwe mdogo, mafuta tone tu, na asiviache akaenda kuongea na watu mlangoni. Vikianza kulainika anyunyize maji kidogo badala ya kuongeza mafuta, afunike, asubiri. Nyanya baadaye. Chumvi isiingie mpaka mwisho kabisa, na iwe ile ya kubana kwa vidole viwili.

Najua ataharibu tena. Wasichana wa bwenini nao walinirudishia sahani mwaka wangu wa kwanza, nikajificha stoo nikalia. Mwambie asikate tamaa, aniandikie yeye mwenyewe kila anapounguza, na mimi nitamjibu sufuria moja moja. Hatuna haraka.

Muda tunao.

Mama yenu